Ulimi wa Tabibu ni Amana

  

Maudhui yetu ya leo ni amana ya watu wa tiba. Hatusemi juu ya mpiga ramli wala muuza hirizi, kwani juu ya hao tumekwisha kuonywa mara nyingi. Twasema juu ya daktari aliyesoma, muuguzi mwenye cheti na mfamasia mwenye leseni, anayeitumia heshima ya elimu yake kueneza jambo lisilokuwa na ushahidi. Mtu huyo madhara yake huzidi ya mjinga. Mjinga akisema kwamba chanjo ni sumu, mama mwenye mtoto mgongoni atakwenda kumwuliza daktari. Je, daktari akisema hivyo, mama huyo atamwuliza nani?

Tuanze na majirani zetu. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilikuwa ikiwachanja wanawake walio katika umri wa kuzaa dhidi ya pepopunda. Chama cha Madaktari Wakatoliki cha nchi hiyo, ambacho Dkt. Stephen Karanja, bingwa wa maradhi ya wanawake, alikuwa miongoni mwa wasemaji wake, kilidai kwamba chanjo hiyo imetiwa homoni ya ujauzito ili kuwafanya wanawake wawe tasa. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Vipimo vilivyotegemewa na madaktari hao vilifanywa kwa mitambo iliyokusudiwa damu na mkojo wa binadamu, wala si chanjo. Ni mfano wa mtu anayetaka kujua kina cha bahari kwa mizani ya samaki: tarakimu ataipata, lakini tarakimu hiyo haitamwambia kina.

Hapana budi kueleza kilichokuwa hatarini. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Kitovu cha mtoto kikikatwa kwa wembe usio safi, au kikipakwa kitu kichafu, vijidudu humwingia. Baada ya siku chache mtoto hushindwa kunyonya, mwili wake hukakamaa, na aghalabu hufa. Mama akichanjwa, kinga yake humfikia mtoto angali tumboni. Kwa njia hii, pamoja na uzazi salama, Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeyapunguza maradhi haya kwa wazazi na watoto wachanga hata yasiwe tena tatizo kubwa la afya ya jamii, na Kenya baadaye ikafikia daraja hiyo hiyo. Lakini udongo ungali pale pale. Mama akiacha chanjo kwa hofu, mtoto ndiye atakayelipa.

Mwezi wa Machi 2021 Dkt. Karanja, akiwa mwenyekiti wa chama hicho, aliwapinga wenye kuchanja dhidi ya UVIKO-19 na kusema kwamba chanjo hiyo haihitajiki. Maaskofu wa kanisa lake walitofautiana naye, wakasema inaruhusiwa. Tarehe 29 Aprili 2021 alifariki dunia kwa maradhi hayo hayo. Hatulisemi hili kwa kumcheka maiti, kwani hiyo si tabia ya Muislamu. Twalisema kwa sababu inaelekea aliyaamini aliyoyasema, na unyofu wa nia haukumkinga. Nia njema haigeuzi uzushi kuwa kweli.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya watu wa dini nyingine. Mwaka 2003 huko Kano, Nigeria, Dkt. Datti Ahmed, tabibu na kiongozi wa Baraza Kuu la Sharia la nchi hiyo, alikuwa mbele katika kudai kwamba chanjo ya polio imetiwa dawa za kuzuia uzazi. Jimbo la Kano likasimamisha chanjo hiyo, na likairudisha mwezi wa Julai 2004, ilipoletwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini virusi havikungoja mjadala kwisha. Polio ilitoka Nigeria ikaingia katika nchi nyingi zilizokuwa zimekwisha kuiondoa. Mwaka 2005 ilifika Indonesia yenyewe, ikawapooza watoto takriban 300. Basi neno lililosemwa Kano lililipwa na watoto wa Kiislamu wa ng'ambo ya bahari, ambao wazazi wao hawakupata hata kulisikia.

Na hapa kwetu? Tarehe 1 Februari 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Dorothy Gwajima, mwenyewe akiwa daktari, alisema wizara haina mpango wa kupokea chanjo ya UVIKO-19. Mbele ya waandishi wa habari ikaonyeshwa namna ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili. Tangawizi na limau ni vyakula vyema, wala hakuna anayevikataza. Lakini haikuthibitika kwamba vinazuia maradhi hayo. Mwezi wa Julai mwaka huo huo nchi ikapokea dozi zaidi ya 1,000,000, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani jijini Dar es Salaam. Waziri yule yule akawa anawahimiza wananchi wachanjwe. Kurejea katika haki ni sifa njema. Hata hivyo, neno lililokwisha kuenea katika vijiji halirudishwi kwa tangazo moja.

Sasa tuutazame upande wa pili, nao tunao hapa hapa Bagamoyo. Kuanzia mwaka 2009 watoto wa Bagamoyo na wa Korogwe walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyofanywa katika nchi 7 za Afrika kwa watoto zaidi ya 15,000. Bagamoyo kazi hiyo iliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti hawakusema wamepata muujiza. Walitangaza kwamba chanjo ilipunguza malaria kwa kiasi cha theluthi moja tu kwa watoto wakubwa kidogo waliopata dozi 4, kwamba kinga hupungua kadiri muda upitavyo, na kwamba vilionekana visa vya homa ya uti wa mgongo vilivyopasa kuchunguzwa. Kwa sababu hiyo ikatolewa kwanza kwa majaribio zaidi Ghana, Kenya na Malawi kuanzia mwaka 2019. Hatari ile haikuthibitika, na mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Hapo ndipo ilipo tofauti: mkweli hutangaza hata kasoro ya kazi yake, na mzushi hajui kusema "sijui".

Basi mzushi mwenye shahada hutambulikana kwa alama nne. Kwanza, hutoka nje ya fani yake. Pili, akidaiwa ushahidi husema umefichwa, na kule kukosekana kwake hukufanya kuwa ndiyo ushahidi. Tatu, huchanganya kweli kidogo na uongo mwingi: ni kweli kwamba wakoloni walitudhulumu, lakini dhuluma ya jana haithibitishi sumu katika chupa ya leo. Nne, mara nyingi ana kitu cha kuuza.

Shaka si dhambi. Shaka ni mlango wa kuuliza, na asiyeuliza amekaa mlangoni. Sura ya Al-Hujurat, katika aya yake ya 6, inatuwajibisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Wanazuoni wa fiqhi nao wameeleza kwamba mwenye kutibu bila ya ujuzi hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Kwa hiyo mzazi aulize kliniki, tena aulize zaidi ya mmoja. Mwenye wasiwasi juu ya dawa au chanjo apeleke habari kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na daktari anayepotosha ashitakiwe kwa Baraza la Madaktari. Nanyi wanafunzi mnaosomea tiba, jueni kwamba koti jeupe ni ushahidi mnaouvaa.

Kaskazini mwa pwani yetu, katika mji wa Merka, Somalia, aliishi Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Mwezi wa Oktoba 1977 alipatwa na ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa maradhi hayo kwa njia ya kawaida. Alikuwa ameikwepa chanjo. Alipona, na miaka mingi baadaye akapita kuwahimiza wazazi wawachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwaeleza kosa lake mwenyewe, hadi alipofariki mwaka 2013. Mpishi huyo hakuwa na shahada, lakini aliitimiza amana ambayo baadhi ya wenye shahada waliiangusha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape waganga wetu elimu yenye ukweli, awaponye wagonjwa wetu, na azihifadhi ndimi zetu na kila neno litakalomdhuru mtoto wa mwenzetu. Amin. Wabillahi tawfiq.