Salongo shuleni: nani atapima kama watoto wanajifunza kitu?

Mwanafunzi wa Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira hahitaji kuelezwa maana ya kazi ya mikono. Siku ikifika, anakuja shuleni na panga, jembe ao fagio. Anakata majani ya uwanja, anachota maji, anazibua mtaro, na wakati mwingine darasa zima linatoka kwenda kufagia barabara iliyo mbele ya shule. Wazazi hawashangai, kwani wengi wao walipita mlemle. Salongo, ile kazi ya lazima ya pamoja iliyoenea nchini wakati wa Mobutu katika miaka ya 1970, iliacha desturi ambayo shule hazijaitupa.

Lakini kuna ulizo ambalo halijibiwi: mtoto akimaliza kufagia, anarudi darasani akiwa amejifunza nini? Mwalimu wa hesabu hajui, mwalimu wa biolojia hajui, na mzazi naye hawezi kujua. Wenye kuweza kutafuta jibu wako karibu nasi. Ni asistenti wa vyuo vikuu, wanafunzi wa master na wa udaktari, na waalimu vijana wanaomaliza masomo kwenye ISP zetu. Ila wengi wao wanafanya utafiti peke yao, kwa pesa ya mfuko wao, na kazi yao inaishia ndani ya kabati ya maktaba.

Kazi ya mikono na somo ni vitu viwili

Kuna njia ya kufundisha inayounganisha vitu hivyo viwili. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita kujifunza kwa kutumikia jamii. Jina lake la Kiingereza lilianza kutumiwa Marekani kati ya 1966 na 1967, katika kazi ya Robert Sigmon na William Ramsey kule Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Wazo lenyewe ni hili: wanafunzi wasaidie katika hitaji la kweli la watu, kazi hiyo iwe imefungwa kwenye somo la darasani, kiisha wakae chini kufikiria kile walichokiona. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, inabaki kazi ya bure ao matembezi.

Tuchukue mfano wa Bukavu. Mvua ikinyesha, chupa na mifuko ya plastiki inatoka mitaani, inashuka katika ziwa Kivu, na maji yanaisukuma mpaka mto Ruzizi. Kule inaziba mitambo ya kituo cha umeme, na mji unakosa mwangaza. Shule inaweza kutuma watoto 50 waokote takataka kando ya ziwa, wapigwe picha, warudi nyumbani. Hiyo ni salongo.

Shule nyingine inaweza kutuma watoto walewale wakiwa na mzani na daftari. Wanapima kilo, wanatenga chupa na mifuko, wanachora grafiki katika somo la hesabu. Katika fizikia wanajifunza namna maji yanavyozungusha turbini na kwa nini taka zinaisimamisha. Katika Kifaransa wanaandika barua kwa burgumestre wa komini, wanamueleza ni avenue gani zinatoa taka nyingi zaidi. Mwishoni wanajiuliza nani anatupa, na kama mtu huyo ana pahali pengine pa kutupia. Mikono ni ileile na taka ni zilezile, lakini safari hii kichwa nacho kimefanya kazi.

Ushahidi uko, lakini unatoka mbali

Je, njia hii inasaidia kweli? Mwaka wa 2011, watafiti watatu wa Marekani, Celio, Durlak na Dymnicki, walikusanya tafiti 62 zilizogusa wanafunzi 11.837. Waliona kwamba waliojifunza kwa kutumikia jamii walipiga hatua katika mambo matano: namna wanavyojiona wenyewe, namna wanavyoipenda shule, moyo wa uraia, uhusiano na wengine, na matokeo ya masomo. Waliona pia kwamba faida inaongezeka pale kazi inapofungwa kwenye programu ya masomo, wanafunzi wanapopewa sauti, jamii inaposhirikishwa, na watu wanapochukua wakati wa kutafakari.

Hizo ni habari nzuri. Lakini sehemu kubwa ya utafiti wa namna hii imefanyika Marekani, katika madarasa ambayo hayafanani na ya kwetu. Tangu elimu ya msingi ya bure ianze kutekelezwa mwaka wa 2019, madarasa mengi ya shule za serikali yamejaa kupita kiasi. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya 80 atawaongozaje mtoni? Atawasikilizaje wote wakati wa kutafakari? Jibu la maulizo hayo haliwezi kutoka Chicago.

Nchi zingine zimekwisha kuchagua njia yao. Jimbo la Maryland, Marekani, liliamua mwaka wa 1992 kuweka saa 75 za kujifunza kwa kutumikia jamii kama sharti la kupata diploma ya sekondari. Argentina ilianza mwaka wa 2000 kutoa zawadi ya rais kwa shule zinazofanya kazi hiyo vizuri, na mwaka wa 2002 kituo kinachoitwa CLAYSS kilizaliwa Buenos Aires kwa ajili ya kufundisha waalimu na kukusanya watafiti. Karibu na kwetu, Kenya imeliweka somo la huduma kwa jamii kuwa la lazima katika sekondari ya juu ya mtaala wake mpya, na darasa la kwanza la mtaala huo limeingia ngazi hiyo mwaka wa 2026.

Hapa kwetu, tangu 2024 wizara ya elimu inaitwa wizara ya Elimu ya Kitaifa na Uraia Mpya. Jina ni zuri. Lakini siku serikali itakapotaka kujua namna gani shule inamfanya mtoto kuwa raia, itafungua utafiti wa nani? Tusipokuwa na wa kwetu, tutakopa wa wengine, na watoto wetu watalipa makosa.

Maulizo ambayo ni yetu

Mtafiti aliyekulia hapa anaona mambo ambayo mgeni anapita bila kuyaona. La kwanza ni la wasichana. Shule ikisema watoto walete maji, nani anabeba bidoni? Kama kazi ya jamii inaongeza mzigo juu ya ule wa nyumbani, msichana anaweza kupoteza wakati wa kusoma huku ripoti ikisema darasa lote limefaidika.

La pili ni la haki. Sheria ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumtumia mtoto kwa faida ya wakubwa. Mpaka uko wapi kati ya kutumikia jamii na kulima shamba la mtu? Kazi ya mikono imewahi kutumiwa kama malipizi kwa aliyechelewa ao aliyekosa minerval. Mtafiti anapaswa kusema wazi ni kazi gani inafundisha na ni ipi inanyonya.

La tatu ni la luga. Mtoto anafundishwa kwa Kifaransa, lakini anazungumza na mama wa soko kwa Kiswahili, kwa Mashi ao kwa Kinande. Kutafakari kwake kunafanyika katika luga gani? Na la ine ni la vita. Katika eneo ambamo shule zinapokea watoto waliokimbia makwao, kuwasaidia wakimbizi ni hitaji la kweli, lakini katika darasa moja anaweza kuwemo anayesaidia na anayesaidiwa. Hakuna kitabu cha ng'ambo kinachomfundisha mwalimu namna ya kuongoza mazungumzo hayo.

Mtafiti kijana anakwama wapi

Kwanza kwa mwongozaji. Promoteur mmoja anafuata kazi nyingi, na mara nyingi hakuna kati ya hizo inayogusa jambo hili. Mwanafunzi anapewa ushauri juu ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho, katikati anajitegemea.

Pili kwa vitabu. Maandishi mengi juu ya somo hili yako katika Kiingereza na Kispanyola, wakati sisi tumesoma kwa Kifaransa. Tatu kwa pesa. Utafiti katika shule tano za Walungu ao za Rutshuru unataka usafiri, karatasi, unite za simu na siku za kukosa kazi nyingine. Asistenti ambaye mshahara wake haufiki kwa wakati anaanza kuchagua shule iliyo karibu na nyumba yake, na matokeo yanakuwa madogo.

Ine kwa hali ya usalama. Tangu Goma mnamo Januari 2025 na Bukavu mnamo Februari 2025 zianguke mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Goma ukasimama. Hata aliyepata bursi kutoka nje alijikuta hana njia ya kuichukua, na barabara ya kwenda shule aliyokuwa anaichunguza haikuwa tena ya kupitika kila siku.

Msaada ambao hautaki mamilioni

Mambo kadhaa yanaweza kuanza bila kungoja bajeti ya Kinshasa.

La kwanza ni kusoma bure. Tovuti za Kifaransa kama Persée na HAL zinafungua makala nyingi bila malipo. Mpango wa Research4Life unaruhusu vyuo vya Congo kusoma majarida mengi bure, kwani nchi yetu iko katika kundi A. Lakini chuo chenyewe ndicho kinapaswa kujiandikisha, kiisha kuwapa watu wake namba ya siri. Mkubwa wa maktaba ambaye bado hajafanya hivyo anaweza kuanza juma hili.

La pili ni kuongozwa na wawili. Profesa wa hapa abaki, na mwingine wa mbali amsaidie kupitia intaneti. Mpango wa AuthorAID unaunganisha bure watafiti wa nchi kama yetu na wenye ujuzi wa kuandika makala. Shirika la kimataifa la watafiti wa somo hili, IARSLCE, lina mtandao wake wa wanafunzi wa master na wa udaktari. CLAYSS nayo inafuata vyuo vikuu vya kikatoliki kupitia mpango wa Uniservitate ulioanza mwaka wa 2020. Barua ya kuomba kuunganishwa haigarimu kitu.

La tatu ni bursi ndogo zinazofika. Shirika linalofanya kazi shuleni linaweza kutenga kiasi kidogo kwa watafiti wawili ao watatu kila mwaka, na kukituma kwa simu badala ya benki. Marekani yenyewe inatupa fundisho hapa: mpango wa serikali yao ulioitwa Learn and Serve America ulikosa pesa mwaka wa 2011 na shule nyingi zikabaki bila msaada. Ni vizuri zaidi mifuko midogo mingi kuliko mkubwa mmoja unaoweza kufungwa siku moja.

La ine ni mlango wa shule. PROVED na sous-division wanaweza kutoa ruhusa ya utafiti bila kumzungusha mtu miezi mitatu. Prefe wa shule anaweza kumpa mtafiti madarasa mawili ya kulinganisha: moja linalofanya kazi ya mikono ya kawaida, lingine linalofanya ile iliyofungwa kwenye somo. Kwa upande wake mtafiti aje na ridhaa ya wazazi iliyoandikwa, asiandike jina la mtoto yeyote, na akubali mtoto akisema hapana.

La tano ni wenzake. Asistenti wanne wa vyuo mbalimbali wakikutana mara moja kwa mwezi, hata kwa WhatsApp, kila mmoja asome kurasa kumi za mwenzake, tayari wamepata kitu ambacho pesa hainunui: mtu wa kuwaambia walipokosea kabla ya siku ya kutetea kazi yao.

Matokeo yarudi shuleni

Kuna deni moja ambalo hata watafiti wanaosaidiwa vizuri wanalisahau. Mwalimu alifungua darasa, watoto walijibu maulizo, mama wa soko alitoa saa yake. Kiisha kazi inaandikwa kwa Kifaransa kigumu, inatetewa mbele ya jury, na waliotoa habari hawasikii tena kitu.

Anayetoa bursi angeweka sharti moja jepesi: kurasa mbili za Kiswahili, zisomwe mbele ya waalimu na wazazi, na zitoe majibu matatu. Watoto walijifunza nini? Jamii ilipata nini? Tubadilishe nini mwaka ujao? Kama jibu ni kwamba watoto hawakujifunza chochote, hilo pia lisemwe. Prefe anayejua hivyo anaweza kugeuza programu yake kabla ya mwezi wa tisa, na mzazi anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini mtoto wake anaombwa kuja na jembe bila daftari.