Gari linapopokea amri kutoka mbali: Ulinzi uliozaa hatari mpya

Mwanzoni mwa mwaka 2010, zaidi ya wenye magari 100 katika mji wa Austin, jimbo la Texas nchini Marekani, walijikuta katika mkasa usioeleweka. Magari ya baadhi yao yaligoma kuwaka asubuhi, na mengine yalipiga honi bila kukoma hata wenyewe wakalazimika kuondoa betri. Hapakuwa na ubovu wowote wa injini. Kila gari lilikuwa limefungwa na muuzaji wake kisanduku kidogo chini ya dashibodi, ili mteja anayechelewesha marejesho ya mkopo akumbushwe kwa honi, na akizidi kukaidi gari lake lisiwake kabisa. Polisi walibaini kwamba amri hizo zilitolewa na kijana aliyekuwa ameachishwa kazi na muuzaji huyo, ambaye aliingia katika mfumo kwa kutumia akaunti ya mtumishi mwingine. Hakugusa hata gari moja.

Mfumo huo haukuwa na uwezo wa kuzima gari lililo mwendoni, hivyo madhara yaliishia kwenye usumbufu na gharama. Lakini kisa hicho kiliweka wazi jambo ambalo wauzaji wa mitambo ya ulinzi hawapendi kulizungumzia: chombo kinachomwezesha mwenye gari kumzuia mwizi akiwa mbali kinamwezesha pia mtu mwingine kumzuia mwenye gari. Gari halina namna ya kuwatofautisha wawili hao. Hutii yeyote mwenye neno la siri.

Ili kuelewa kwa nini hali iko hivyo, ni muhimu kutazama ndani ya gari lenyewe. Gari la kisasa hubeba makumi ya kompyuta ndogo. Moja husimamia injini, nyingine breki, nyingine milango, nyingine mifuko ya hewa. Kompyuta hizo huzungumza kwa kupitia mtandao wa nyaya uitwao CAN, uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutangazwa mwaka 1986. Wakati huo mtandao ulikuwa umefungiwa ndani ya bodi la gari na hapakuwa na mgeni wa kutiliwa shaka. Kwa sababu hiyo, ujumbe unaopita humo hauna saini. Ikipokea agizo, kompyuta ya breki haiulizi agizo hilo limetoka kwa nani. Baadaye watengenezaji wakaunganisha mtandao huo na redio yenye laini ya simu, na nyumba isiyo na komeo ndani ikapata mlango wa barabarani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitoa tahadhari mapema. Mwaka 2010 walionyesha kwamba aliyeunganisha kompyuta yake na gari anaweza kulifunga breki au kuzizuia zisifanye kazi. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba hata waya hauhitajiki, kwani simu yatosha. Viwanda havikushtuka sana.

Vilishtuka mwezi Julai 2015. Wataalamu wawili wa usalama wa kompyuta, Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa wameketi nyumbani na kompyuta zao, waliingilia gari aina ya Jeep Cherokee lililokuwa katika barabara kuu ya St. Louis likiendeshwa na mwandishi wa jarida la Wired, Andy Greenberg, kwa mwendo wa maili 70, yaani takriban kilomita 112 kwa saa. Kwanza kipoza hewa kilivuma kwa nguvu zote, kisha redio ikapaza sauti na waipa zikaanza kufuta kioo. Halafu nguvu ya injini ikaacha kufika kwenye magurudumu. Mwandishi alikanyaga mafuta bila matokeo, mwendo ukafifia, huku magari mengine yakimjia kwa nyuma katika sehemu isiyo na pembezoni pa kujiegesha. Baadaye, katika uwanja wa kuegesha, walizikata breki zake na gari likateleza hadi mtaroni.

Mwandishi alikuwa amekubali jaribio hilo na alijua kwamba gari lingeingiliwa, ingawa hakujua ni lini wala kwa namna gani. Siku chache baada ya habari kuchapishwa, kampuni ya Fiat Chrysler ilitangaza kuyaita magari milioni 1.4 kwa ajili ya marekebisho, na wateja wakatumiwa programu mpya katika kijiti cha USB. Yafaa kukumbuka kwamba udhaifu huo haukutoka kwenye breki wala injini. Ulianzia kwenye redio, kifaa ambacho mnunuzi hukiona kuwa ni cha starehe tu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye huenda anaendesha gari lililokwishatumika Japani, kisa cha Jeep chaweza kuonekana cha mbali. Hatari iliyo karibu naye zaidi ni ile anayoinunua mwenyewe: kifaa cha kufuatilia gari, chenye GPS na laini ya simu, ambacho fundi hukificha nyuma ya dashibodi na kukiunganisha na waya wa pampu ya mafuta. Wenye teksi na malori hukitumia kujua dereva yuko wapi. Wakopeshaji wanaoshikilia kadi ya gari kama dhamana hukitumia kulinda fedha zao. Na mwenye gari binafsi hukitumia akihofia wezi, hofu ambayo hakuna awezaye kuibeza.

Mwezi Aprili 2019, mdukuzi mmoja alidai kuwa ameingia katika akaunti zaidi ya 7,000 za huduma ya iTrack na zaidi ya 20,000 za ProTrack, zilizotumika kufuatilia magari katika nchi mbalimbali zikiwemo Afrika Kusini na Morocco. Hakuhitaji ufundi mkubwa. Wateja walikuwa wamepewa neno la siri la kuanzia, 123456, na wengi hawakulibadili. Kwa baadhi ya magari, amri ya kuzima injini ingetekelezwa iwapo gari limesimama au linakwenda taratibu.

Miaka mitatu baadaye, Julai 2022, kampuni ya utafiti ya BitSight ilitangaza kasoro sita katika kifaa cha MV720 cha kampuni ya MiCODUS ya Shenzhen, China, kilichouzwa kwa takriban dola 20 za Marekani. Vifaa vya kampuni hiyo, kwa maelezo yake yenyewe, vilikuwa katika magari milioni 1.5 kwenye nchi 169. Kasoro hizo zingeweza kumruhusu mtu wa mbali kukata mafuta ya gari, kufuatilia safari zake au kuzima king'ora chake. Neno la siri la kuanzia? Lile lile, 123456.

Bei kubwa nayo si kinga. Machi 2019, kampuni ya Uingereza ya Pen Test Partners ilieleza kwamba mifumo miwili ya ving'ora inayojulikana sana, Viper na Pandora, iliacha mwanya wa mtu yeyote kubadili anuani ya barua pepe ya mteja na kujitwalia akaunti yake. Mvamizi angeweza kuona gari lilipo, kulifungua milango na, katika baadhi ya magari, kuzima injini likiwa mwendoni. Magari yaliyohusika yalikadiriwa kufikia milioni tatu. Kampuni zote mbili ziliziba mwanya huo haraka. Kinachochekesha, kama si kusikitisha, ni kwamba Pandora ilikuwa imejitangaza kuwa haidukuliki.

Halafu liko suala la siri za mtu. Gari lililounganishwa na intaneti hujua mwenyewe analala wapi, anasali wapi, anatibiwa hospitali gani. Mwezi Mei 2023, Toyota ilikiri kwamba taarifa za magari ya wateja takriban milioni 2.15 nchini Japani, yakiwemo mahali yalipokuwa, zilikuwa wazi kwa miaka kama kumi kutokana na mpangilio mbaya wa hifadhi yake ya mtandaoni. Nchini Marekani, General Motors iligunduliwa mwaka 2024 kuwa ilikuwa ikitoa taarifa za uendeshaji wa wateja wake kwa kampuni ambazo huziuzia za bima, na baadhi ya madereva wakashangaa kuona ada za bima zikipanda. Hapo hapakuwa na mdukuzi. Mlango ulifunguliwa na mwenye kiwanda.

Si haki kuyataja mabaya pekee. Mwaka 2009, katika mji wa Visalia, California, gari aina ya Chevrolet Tahoe lililoporwa lilipunguzwa mwendo kutoka mbali kwa mfumo wa OnStar, na mwizi akakamatwa. Nchini Tanzania, mabasi ya mikoani hufuatiliwa na LATRA kwa mfumo wa VTS, na abiria aliyewahi kukaa ndani ya basi linalokimbizwa kupita kiasi hataki kusikia kwamba mfumo huo uondolewe.

Lakini gari hudumu kuliko huduma zake. Mwaka 2022 kampuni za simu za Marekani zilipozima mitandao ya 3G, magari mengi yalipoteza uwezo wa kuita msaada yenyewe baada ya ajali. Mwaka 2017, mtaalamu wa IBM, Charles Henderson, alisimulia kwamba miaka kadhaa baada ya kuuza gari lake, programu iliyobaki kwenye simu yake iliendelea kumwonyesha lilipo na kumpa uwezo wa kulifungua. Kwa nchi zinazoishi kwa magari ya mitumba, hilo ni onyo la moja kwa moja. Mnunuzi anapaswa kuhakikisha kwamba simu na akaunti za mmiliki wa awali zimefutwa.

Anayefungiwa kifaa cha kufuatilia naye anapaswa kubadili neno la siri siku hiyo hiyo, kuuliza kama amri ya kuzima hukataa gari likiwa katika mwendo, na kutaka kujua ni watumishi wangapi wa kampuni wenye uwezo wa kuitoa. Kama gari limefungwa kifaa na mkopeshaji, maswali hayo yaulizwe kabla ya mkataba kutiwa saini.

Kanuni namba 155 ya Umoja wa Mataifa, iliyopitishwa mwaka 2020, huwataka watengenezaji kuthibitisha kinga ya magari yao dhidi ya udukuzi, na tangu Julai 2024 Umoja wa Ulaya huitumia kwa magari yote mapya. Kanuni hiyo inamhusu mwenye kiwanda. Haikihusu kisanduku cha dola 20 kinachofungwa gereji.