Waandishi Wanaotetea Mafundisho ya Kikatoliki: Wametoka Wapi, na Tuwasomeje?

Katika sharika za Iringa na Mbeya si jambo geni Mkristo kufika ofisini kwa mchungaji akiwa na kijitabu cha Kikatoliki mkononi. Pengine ni binti aliyechumbiwa na kijana Mkatoliki. Pengine ni mzee wa kanisa ambaye mwanawe ameanza kuhudhuria Misa. Swali ni fupi: "Mchungaji, haya ni kweli?" Nasi watumishi mara nyingi hujibu kabla ya kusoma, tena hujibu kwa kumtaja mwandishi badala ya neno lake. Huyu ni padre, atasema nini kingine? Au huyu alikuwa mwenzetu, akaasi. Jibu la namna hiyo halimfai binti yule hata kidogo.

Hata hivyo, kumfahamu mwandishi ni jambo jema, mradi tumfahamu ili tumwelewe. Malezi ya mtu huonekana katika hoja anazozitanguliza na zile anazozipita.

Tuanze na nyumbani. Upande wa Iringa, waliotangulia kufundisha imani ya Kikatoliki ni Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, shirika lililoanzishwa na Padre Andreas Amrhein mwaka 1884. Walifungua misheni ya Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19, ilhali Waluteri wa Berlin na Wamoravian walikwisha kuingia Unyakyusa mwaka 1891. Mmonaki hulelewa katika sala za saa, katika liturujia na kazi ya mikono. Kwake imani ni kitu kinachosaliwa kwanza, ndipo kielezwe. Mmoja wao, Cassian Spiss, alichunguza lugha ya Kihehe na kuchapisha maneno yake mwaka 1900. Akiwa askofu aliuawa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nafasi yao Iringa ilishikwa na Wakonsolata kutoka Torino, shirika la Giuseppe Allamano la mwaka 1901. Kwa upande wa Mbeya walifanya kazi Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, ambaye kabla ya uaskofu alifundisha historia ya Kanisa huko Paris, na ambaye aliagiza wakatekumeni wafundishwe miaka minne kabla ya ubatizo. Mwandishi aliyetoka katika desturi hiyo huandika kama mwalimu wa darasa: hatua kwa hatua, swali na jibu. Hana haraka ya kushindana na mtu.

Wananchi waliowafuata walilelewa katika seminari, nao wanaandika kwa namna nyingine. Mfano ulio bora ni Padre Charles Nyamiti wa Tabora (1931–2020), aliyesoma teolojia Louvain na baadaye elimu ya utamaduni na muziki huko Vienna, kisha akafundisha Kipalapala na Nairobi. Katika kitabu chake cha mwaka 1984 alimweleza Kristo kama Mhenga wetu. Msomaji asiyejua malezi yake atadhani anasoma mila tu. Kumbe chini ya mila hizo ziko fasili za kiskolastiki zilizopangwa kwa uangalifu mkubwa. Ndivyo seminari zao zinavyofundisha: falsafa kwanza, teolojia baadaye.

Wanaotusumbua zaidi ni walioongoka kutoka kwetu au kwa jirani zetu. John Henry Newman alikuwa padre wa Kianglikana, msomi wa Oxford, aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1845. Wanafunzi wetu hushangaa wakiambiwa kwamba mihadhara yake juu ya kuhesabiwa haki, ambamo anampinga Luther, ilichapishwa mwaka 1838, yaani akiwa bado Mwanglikana. Hoja hizo hazikutoka Roma. Tena Alister McGrath, naye Mwanglikana, ameonyesha kwamba Newman hakumweleza Luther sawasawa. Richard John Neuhaus alikuwa mchungaji wa Kiluteri, mwana wa mchungaji wa Kiluteri, akahamia Roma mwaka 1990 na kupewa upadre mwaka uliofuata. Waongofu wa jinsi hii huweka uzito wote katika mamlaka ya Kanisa, kwa kuwa hilo ndilo walilokuwa wakilitafuta. Kuwaita waasi ni rahisi, lakini tukumbuke kwamba Luther mwenyewe alikuwa mtawa na padre. Iwapo historia ya mtu inatosha kubatilisha hoja yake, basi tumekwisha kupoteza kesi yetu wenyewe.

Liko kundi jingine, nalo ndilo lililo karibu zaidi na vijitabu tunavyoletewa: walei na mapadre wanaojibu mashambulizi. Huko Marekani mwanasheria Karl Keating alianza kazi hiyo mwaka 1979 baada ya watu wa kanisa moja la Kiprotestanti kugawa karatasi za kuupinga Ukatoliki katika parokia yake. Aliandika kama anayesimama mahakamani. Hapa kwetu hali imefanana na hiyo tangu kuenea kwa mihadhara ya Kiislamu na mikutano ya walokole. Mwandishi Mkatoliki hujibu aya kwa aya, kwa sababu ameulizwa aya kwa aya.

Hapo ndipo kosa letu kubwa. Kijitabu kinaposema "Waprotestanti", mara nyingi hakisemi na sisi. Kinatetea ubatizo wa watoto wachanga. Sisi twabatiza watoto. Kinatetea kwamba mwili na damu ya Kristo vimo kweli katika Sakramenti. Hayo tunayakiri katika Katekisimu Ndogo. Kinatetea kumwita Mariamu Mama wa Mungu. Kanuni ya Mapatano inamwita hivyo. Mchungaji anayekasirika na kupinga yote kwa pamoja ataipinga imani yake mwenyewe mbele ya washarika, nasi tumewahi kusikia mahubiri ya namna hiyo. Yanayotutenga kweli ni mengine: mamlaka ya Papa, Misa kama sadaka, toharani, kuwaomba watakatifu, na utumishi uliowekwa wakfu. Kuhusu kuhesabiwa haki, imetupasa kuuliza kijitabu kiliandikwa lini, kwa maana Tamko la Pamoja lilitiwa sahihi Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999.

Turudi kwa binti wetu. Kijitabu chake kinasema kwamba wachumba wote wawili wataahidi kuwalea watoto katika Ukatoliki. Mwandishi aliyefundishwa kwa sheria ya mwaka 1917 angeandika hivyo bila udanganyifu wowote, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Lakini Papa Paulo VI alibadili utaratibu huo mwaka 1970, na kanuni ya 1125 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yataka ahadi kwa upande wa Mkatoliki peke yake, kwamba atafanya yote awezayo. Asiye Mkatoliki huarifiwa tu juu ya ahadi hiyo. Kwa hiyo binti hadaiwi kuahidi neno. Anachodaiwa ni kukaa na mchumba wake kabla ya siku ya ndoa na kuzungumza waziwazi watoto watabatizwa wapi, na afadhali mchungaji na padre wawepo wote wawili.