Joto la Chini ya Bati

Ukiezeka nyumba kwa mabati, Kasongo au Kabambare, mkoani Maniema, umefanya jambo la busara. Bati halishiki moto kama nyasi, wala halidai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Lakini saa saba mchana, chumba kisicho na dari hakikaliki.

Kasongo iko karibu nyuzi 4 na nusu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mapema Machi na tena mapema Oktoba jua la adhuhuri husimama wima juu ya paa. Bati, ambalo unene wake haufiki hata milimita moja, hupata moto upesi na huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Joto hilo hushuka kama miali juu ya vichwa vya waliomo, na hewa inayogusa bati hupata moto, ikabaki juu imekwama.

Wengi hapo huongeza dirisha. Dirisha halitoshi, maana hewa iliyo juu ya kizingiti chake cha juu haina pa kutokea. Panatakiwa matundu ya chini, upande wa kivuli, na mengine juu kabisa, karibu na mgongo wa paa. Kadiri yanavyoachana kwa kimo, ndivyo hewa inavyovutwa kwa nguvu.

Ukuta nao una kazi yake. Kasongo ya mfanyabiashara Tippu Tip, kabla ya kutekwa na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwezi Aprili 1893, ilikuwa na nyumba kubwa za udongo. Ukuta mnene wa udongo huchelewesha joto la mchana kwa saa nyingi, likafika ndani usiku, wakati hewa ya nje imeshapoa. Huo ni ujuzi wa kudumisha, si umaskini.

Basi mwambie fundi aache matundu ya juu kabla hajafunga ukuta wa pembe tatu ulio chini ya mgongo wa paa, ayawekee wavu wa mbu, na upenu uyafunike yasipigwe na mvua.