Baruti ilimchoma babu, Bisley nikajua sababu

Nikiwa mdogo kule Kigoma, babu aliungua uso kwa gobore lake mwenyewe. Alikuwa amempiga kanga na kumkosa, akaharakisha kumimina baruti nyingine moja kwa moja kutoka kwenye pembe. Ikalipuka. Wazee wakasema ni mkono wa mtu.

Baadaye niliishi Uingereza kabla ya kurejea nyumbani. Siku moja rafiki alinipeleka Bisley, uwanja wa mashindano ya shabaha tangu mwaka 1890. Walikuwa wakishindana kwa bunduki za Enfield za mtindo wa 1853, zinazojazwa kwa mdomo wa mtutu kama gobore. Moshi mweupe ulitanda. Lakini hakuna aliyemimina baruti kutoka chombo kikubwa. Kila mpigaji alikuwa na vichupa, kila kimoja na kipimo cha risasi moja tu. Askari wa zamani walitumia karibu gramu 4 na nusu.

“Cheche hubaki ndani ya mtutu,” mmoja aliniambia. “Heri kiwake kichupa kimoja kuliko pembe nzima mkononi.”

Nilimkumbuka babu. Kumbe hakurogwa. Ndugu msomaji mwenye gobore la kibali, tafuta vichupa.