Kutunza Nakala za Data Zinazobadilika kwa Nadra katika Programu za Tovuti

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua jinsi programu ya tovuti inavyoweza kutunza nakala ya data zinazobadilika kwa nadra, badala ya kuziomba upya kutoka katika hifadhidata kila zinapohitajika. Hoja ya msingi ni kwamba ugumu hauko katika kutunza nakala, bali katika kuamua ni lini nakala hiyo isiaminiwe tena.

2.0 Mfano wa Orodha ya Mikoa

Mfano ulio wazi ni orodha ya mikoa ya Tanzania katika fomu ya usajili. Mwaka 2012 iliongezeka mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 ukaongezeka Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya, na jumla ikawa mikoa 31, Bara na Zanzibar. Kati ya miaka hiyo miwili hapakuongezeka mkoa hata mmoja. Hata hivyo, fomu ikifunguliwa mara 10,000 kwa siku, programu isiyotunza nakala huiuliza hifadhidata swali lilelile mara 10,000, ilhali kazi nyingine zinasubiri.

Nakala inayoondoa usumbufu huo huwekwa katika kumbukumbu ya seva, nayo huitwa kache. Ombi la kwanza husoma hifadhidata na kuijaza kache. Yanayofuata hujibiwa na kache yenyewe.

3.0 Ukomo wa Nakala

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni ukomo wa muda: nakala hupewa, kwa mfano, saa 24, kisha hutupwa. Njia hii ni rahisi, lakini mkoa mpya waweza kukosekana katika fomu kwa siku nzima, na mkazi wake akalazimika kujiandikisha katika mkoa wa zamani. Kosa hilo haliondoki pamoja na nakala. Huwa limekwisha kuingia katika hifadhidata.

Ya pili ni ubatilishaji: programu inayoandika mabadiliko hufuta nakala mara tu mabadiliko yanapothibitishwa. Hata hivyo, msimamizi akiibadilisha hifadhidata bila kupitia programu, kache haipati habari. Aidha, seva mbili zikiwa na nakala mbili, mtumiaji aweza kuuona mkoa mpya, kisha akaukosa afunguapo ukurasa upya. Tatizo hili hupunguzwa na kache ya pamoja, kama vile Memcached, iliyotungwa na Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya tovuti ya LiveJournal.

4.0 Hitimisho

Njia hizi mbili hukamilishana. Ubatilishaji hushughulikia mabadiliko yanayopitia programu. Ukomo wa muda huyanasa yaliyopitia kwingine. Kwa hiyo, kabla data yoyote haijawekewa kache, inafaa kubainisha ni nani anayeweza kuibadilisha, na habari za mabadiliko hayo zitaifikiaje nakala.