Mionzi katika maji ya kisima: Mtambo wa gama huona nini, na nini hauoni?

KATIKA Kaunti ya Isiolo, kuanzia viunga vya mji hadi Garbatulla, Kinna na Merti, kisima ndicho uhai. Kiangazi kinaposhika na mto Ewaso Ng'iro kuwa mchanga mtupu, watu, ngamia na mbuzi hutegemea maji yaliyo chini ya ardhi. Kwa sababu hiyo, habari yoyote kwamba maji hayo yana sumu huenea upesi kuliko vumbi la barabarani.

Habari yenyewe si ngeni. Katika miaka ya 1980 makampuni ya kigeni yalichimba visima vya kutafuta mafuta katika bonde la Anza, eneo pana linalogusa Isiolo, Marsabit, Wajir na Garissa. Mafuta ya kuuzwa hayakupatikana, na wachimbaji wakaondoka. Tangu hapo wakazi wa sehemu za kaskazini, hasa Kargi katika Marsabit, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba taka zilizoachwa ardhini ndizo chanzo cha saratani na vifo vya mifugo. Katika mazungumzo ya sokoni taka hizo huitwa kwa jina moja tu: za nyuklia.

Shaka hiyo haiwezi kutupiliwa mbali kwa kicheko. Miamba ya chini sana huwa na radiamu, madini yanayotoa mionzi, na maji ya chumvi yanayopanda wakati wa uchimbaji wa mafuta yanaweza kuibeba hadi juu ya ardhi. Isitoshe, mafundi wa visima vya mafuta huteremsha vyanzo vya mionzi vilivyofungwa ndani ya chuma ili kuchunguza miamba, ingawa kwa kawaida huvitoa na kuondoka navyo. Lakini shaka si ushahidi. Ushahidi hutoka maabara, na chombo kinachotumiwa mara nyingi kuutafuta ni mtambo wa kuhesabu miale ya gama.

Jambo la kwanza ambalo mwananchi hana budi kulifahamu ni kwamba mionzi ipo kila mahali. Mawe magumu ya kale yaliyo katika sehemu za Isiolo yana chembe za uraniamu na thoriamu tangu dunia ilipoumbwa. Huko Kwale, Mlima Mrima unajulikana kwa thoriamu nyingi ambayo haikuletwa na kampuni yoyote. Hata mwili wa mtu mzima una bekereli zipatazo 4,000 za potasiamu 40, nayo huipata katika vyakula vya kila siku. Bekereli moja maana yake ni kiini kimoja cha atomu kinachovunjika kila sekunde. Kwa hivyo kuuliza kama maji yana mionzi ni kuuliza swali lisilo na faida. Swali lenye maana ni hili: mionzi ya aina gani, na kwa kiasi gani?

Kazi huanza kisimani, na hapo ndipo mengi huharibika. Pampu huachwa ifanye kazi kwa muda ili maji yaliyolala ndani ya bomba yatoke kwanza. Maji huwekwa katika chupa safi ya plastiki na kutiwa asidi kidogo, kwani bila asidi radiamu hunata kwenye kuta za chupa, na maabara hupimiwa maji yaliyoachwa bila kile kinachotafutwa. Chupa huandikwa jina la kisima, tarehe na saa, kisha husafirishwa hadi Nairobi, ambako kuna maabara za Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi, na ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi yake ya sayansi ya nyuklia.

Wanaotarajia jibu siku ya pili hukata tamaa. Sampuli inayochunguzwa radiamu hufungwa kwa muda wa wiki tatu hadi nne kabla ya kupimwa. Sababu ni kwamba radiamu 226 huzaa gesi ya radoni, nayo radoni huzaa risasi na bismathi zenye mionzi, ambazo miale yake huonekana wazi zaidi kuliko ya mama yao. Gesi hiyo ikivuja, hesabu yote hupungua na kisima kichafu huonekana safi.

Mtambo wenyewe hukaa ndani ya ngome ya risasi yenye unene wa sentimita kadhaa, ili miale ya kuta, ya sakafu na ya fundi mwenyewe isiingie kwa wingi. Ndani yake kuna fuwele ya sodiamu iodaidi iliyochanganywa na thaliamu kidogo. Mwale wa gama unapoigonga fuwele hiyo, hutokea mmweko mdogo wa nuru ambao jicho haliwezi kuuona. Bomba maalumu lenye umeme wa nguvu hugeuza nuru hiyo kuwa pigo la umeme, na kompyuta hulihesabu. Ukubwa wa pigo hufuata nguvu ya mwale, na nguvu hiyo ni kama alama ya kidole. Seziamu 137, itokanayo na vinu na mabomu ya nyuklia, hujitambulisha kwa 662 katika kipimo cha kiloelektroni-volti. Potasiamu 40 husimama kwenye 1,460, na bismathi inayozaliwa na radiamu kwenye 609. Pale alama zinapokaribiana mno, hutumiwa fuwele ya jermaniamu iliyopozwa hadi karibu nyuzi 190 chini ya sufuri, ambayo huzitenganisha vizuri zaidi lakini bei yake ni kubwa.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wasomi. Tuseme mtambo mtupu umehesabu mapigo 300 kwa dakika kumi, na ulipowekewa maji ya kisima ukahesabu 320. Je, maji yana mionzi ya ziada? La, haijulikani. Viini vya atomu huvunjika kwa bahati nasibu, na tofauti ya mapigo 20 katika hesabu ndogo kama hizo inaweza kutokea yenyewe. Lakini mtambo ukiachwa kwa dakika 1,000, yaani karibu saa 17, na hesabu zikawa 30,000 na 32,000, tofauti hiyo haiwezi tena kuitwa bahati. Ndiyo maana kifaa cha mkononi kinacholia mara kadhaa mbele ya kamera kando ya kisima hakithibitishi lolote, na kikinyamaza pia hakimwondolei mtu lawama.

Baada ya hesabu, fundi hulinganisha na sampuli ambayo kiasi chake kinajulikana, na mapigo hugeuzwa kuwa bekereli kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka bekereli 1 kwa lita kuwa kiwango cha mwongozo cha radiamu 226 katika maji ya kunywa, na 0.1 kwa radiamu 228. Kuvuka kiwango hicho ni sababu ya kuchunguza zaidi, wala si tangazo kwamba wanywaji watakufa.

Mtambo huu pia una upofu wake. Strontiamu 90 haitoi miale ya gama ya kuhesabika, na polonia 210 karibu haitoi kabisa; hizo huhitaji vyombo vingine. Nitrati na aseniki hazitoi mionzi hata kidogo, ilhali nitrati nyingi huua ng'ombe kwa saa chache, na aseniki inayonywewa kwa miaka huleta saratani. Cheti kinachosema mionzi haikuzidi kiwango hakisemi kwamba maji ni salama. Mkazi aliyeonyeshwa cheti cha namna hiyo ana haki ya kuuliza ni aina gani za mionzi zilizotafutwa, sampuli ilihesabiwa kwa saa ngapi, ni kiasi gani kidogo kabisa ambacho mtambo ungeweza kukiona, na kama kemikali zilipimwa pia.

Wala muda uliopita si kisingizio cha kutopima. Nusu ya radiamu 226 huchukua miaka 1,600 kutoweka. Ikiwa ilizikwa mwaka 1988, ingali pale karibu yote. Hata hivyo radiamu hushikamana na udongo wa mfinyanzi na husafiri polepole, hivyo maji ya kisima kilicho mbali yanaweza kuwa safi huku shimo la tope la wachimbaji likiwa nayo. Anayetaka kujua yaliyoachwa na wachimbaji aanze kwa udongo wa mashimo hayo, achukue sampuli kwa vina mbalimbali, na achukue nyingine mahali ambapo hapakuchimbwa ili pawepo cha kulinganisha.